Kiu ya Gari la Moshi: Kutoka Chukwani hadi Nyanda za Ugogo

Lugha yetu iliupa mtambo huu jina la moshi, si la mvuke. Watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuzizoea merikebu za moshi, na chombo cha nchi kavu kilipowasili kikapewa jina la jamaa yake wa baharini: gari la moshi. Jina hilo limetaja kile kionekanacho kwa mbali. Lakini watu wa nyanda za kati za Tanzania, tangu Ugogo hadi Irangi, kule Kondoa na vijiji vyake kama Busi, waliijua sifa nyingine ya mtambo huu ambayo mtu wa kisiwani asingeitambua upesi. Waliujua kuwa ni mnywaji mkubwa wa maji.

Makala haya yanakusudia kuifuata habari ya gari la moshi la karne ya kumi na tisa kwa kuishika kamba hiyo ya maji. Yataanzia hapa visiwani, kwa kuwa ndipo lilipoanzia katika nchi za Waswahili, na yataishia bara, mahali ambapo lilikuja kuamua nani ashibe na nani afe njaa. Msomaji atakayevumilia ataona kwamba pande hizi mbili, ambazo aghalabu huandikwa mbalimbali, ni habari moja.

Reli ya Sayyid Barghash

Sayyid Barghash bin Said alitawala Unguja tangu mwaka 1870 hadi 1888. Kabla ya kukikalia kiti, mwaka 1859, alishindwa katika njama ya kumwondoa ndugu yake Majid, akapelekwa uhamishoni Bombay. Mji ule ulikuwa na reli tangu 1853. Baadaye, mwaka 1875, akiwa Sultani, alizuru Uingereza, nchi ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kufumwa kwa reli kama mkeka. Basi hapana ajabu kwamba mtu huyu aliyeuletea mji wake maji ya mferejini, na aliyekuja kujenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, alitamani pia kuwa na njia ya chuma.

Njia hiyo ilijengwa mwaka 1879. Ilitoka kasri la mjini ikaelekea kusini hadi kasri la Chukwani, mwendo wa maili saba hivi. Mwanzoni mabehewa yake mawili yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 Sultani aliagiza kichwa cha treni kutoka kiwanda cha Bagnall, kilichokuwa katika mji wa Stafford, Uingereza. Kilikuwa kidogo, chenye magurudumu manne tu, na tangi lake la maji lilibebwa juu ya kichwa chenyewe badala ya kukokotwa nyuma.

Yafaa tusimame hapa kidogo. Reli za kwanza za makoloni zilijengwa kwa ajili ya shehena: pamba, madini, askari na risasi zao. Hii ya Chukwani ilikuwa kinyume chake. Ilikuwa reli ya abiria, na abiria mwenyewe alikuwa mmoja na jamaa zake. Haikwenda kuchukua kitu, wala haikuleta kitu ila raha ya kutoka mjini kwenda kupunga upepo shamba. Ndiyo maana haikuishi kuliko mwenyewe. Barghash alipofariki mwaka 1888, njia iling'olewa na kichwa kikauzwa kwa uzito wa chuma. Leo hakuna hata taruma moja la kumwonyesha mtoto.

Ukoo wa vichwa vya treni

Mafundi wa reli huvigawa vichwa vya treni katika madaraja, na kila daraja huwa na mfano wake kama koo za watu. Katika Ulaya ya karne ya kumi na tisa mgawanyo mkubwa ulikuwa baina ya kichwa cha abiria na kichwa cha mizigo. Tofauti yao hasa ilikuwa katika magurudumu. Gurudumu kubwa likizunguka mara moja humeza mwendo mrefu. Kwa hiyo kichwa cha abiria, ambacho kazi yake ni mbio, kilipewa magurudumu makubwa. Gurudumu dogo huenda polepole lakini huvuta kwa nguvu. Hilo likawa la mizigo. Mwaka 1870, huko Uingereza, fundi Patrick Stirling alitengeneza kichwa cha abiria ambacho jozi yake moja ya magurudumu ya kuvutia ilikuwa na kimo cha futi nane, yaani karibu mita mbili na nusu. Mtu mrefu akisimama kando yake hafiki ukingoni. Kile cha kwanza cha daraja hilo kimehifadhiwa hadi leo, nao Waingereza hukitazama kama sisi tutazamavyo mlango wa Kizanzibari uliochongwa na fundi wa zamani.

Katika Afrika ya Mashariki anasa hiyo haikuletwa. Waingereza walipoanza kujenga reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1896, walileta upana wa reli wa mita moja na mifano ya vichwa iliyokwisha kujaribiwa Bara Hindi. Mmoja ulikuwa ule wa daraja F, wenye magurudumu sita yasiyozidi sana kimo cha mita moja, na vichwa zaidi ya thelathini vya daraja hilo viliingia nchini katika miaka ya 1897 na 1898. Kichwa kilekile kilivuta mawe leo, na abiria kesho, na mara nyingi vyote viwili kwa pamoja. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na mwishoni mwa 1901 ikafika Ziwa Nyanza. Wajerumani nao walikuwa wameanza kabla yao, mwaka 1893, kutoka Tanga kuelekea Usambara, na njia yao ilikwenda kwa kusuasua: hadi 1896 ilikuwa imefika Muheza tu.

Hivyo basi, gari la abiria kwa maana yake ya Ulaya halikuwapo kwetu. Lililokuwapo lilikuwa gari la mizigo lenye ruhusa ya kubeba watu. Mgawanyo ambao Ulaya iliuweka katika magurudumu, hapa uliwekwa katika mabehewa: daraja la kwanza na la pili lilikuwa na viti vya mito, na daraja la chini mbao tupu. Tikiti ilitaja daraja, lakini kilichoamua hasa nani aketi wapi kilikuwa rangi ya ngozi.

Nchi ya maji makali

Tuvuke sasa tuingie bara. Njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa, ikaikata Ugogo, ikaenda Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba mzigo wa frasila mbili hivi, yaani kilo thelathini na kitu, na safari ya kutoka pwani hadi Tabora ilichukua miezi mitatu au karibu yake. Pembe nyingi za ndovu zilizopakiwa katika forodha ya Unguja zilikuwa zimeipita nchi hii juu ya mabega ya Wanyamwezi.

Wapagazi hawakuihofia milima kama walivyoihofia kiu. Kabla ya kuingia Ugogo palikuwa na jangwa lililoitwa Marenga Mkali, na baada ya kutoka palikuwa na pori la Mgunda Mkali. Mpenzi wa mashairi atalisikia jina la kwanza kwa sikio la pekee, kwa kuwa neno malenga, ambalo kwetu ni sifa ya mshairi stadi, kwa Kigogo ni maji. Marenga Mkali ni maji makali, maji yasiyonyweka. Na baina ya nyika hizo mbili walikaa watemi wa Kigogo ambao walitoza hongo kila msafara uliopita. Wazungu waliosafiri huko, tangu Burton na Speke mwaka 1857, waliandika kwa uchungu juu ya hongo hiyo na kuiita unyang'anyi. Lakini hebu tuitazame kwa jicho la mwenye kisima. Msafara wa watu mia tano hunywa maji ya kijiji cha wiki nzima kwa usiku mmoja. Aliyelinda kisima katika nchi ya namna ile alikuwa analinda uhai wa ng'ombe wake na wa wanawe, na bei aliyotaka ilikuwa bei ya kitu adimu.

Jina la Dodoma lenyewe linasimuliwa kwa kisa cha maji. Wagogo husema kwamba ndovu alikuja kunywa kijitoni, akanasa topeni, akazama; waliomwona wakasema kwa lugha yao, idodomya, yaani amezama. Kama kisa hiki ni historia au ni ngano, si neno. Kimekusanya mahali pamoja mambo mawili yaliyoiunganisha nyanda hii na visiwa vyetu, nayo ni pembe na maji.

Reli yafika, njia zahama

Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912, na Kigoma mwezi wa Februari 1914, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200. Ingawa ni kazi ya karne ya ishirini, elimu iliyotumika ilikuwa ileile ya karne iliyopita: tanuri, maji yanayochemka, mvuke unaosukuma pistoni, pistoni inayozungusha gurudumu. Tanuri lilipewa kuni zilizokatwa katika misitu ya kando ya njia. Na maji hayakurudi. Yafaa jambo hili lieleweke, kwani ndilo shina la habari yote. Mvuke ukisha kusukuma pistoni hutupwa nje kupitia dohani. Kila mpumuo tuusikiao kichwa kikipanda mlima ni maji yanayokwenda zake hewani. Hata kichwa kidogo huhitaji maelfu ya lita kwa safari ya siku moja. Kwa hiyo reli ilipoingia katika nchi ya maji makali ilikuja na madai yaleyale ya msafara, ila yenyewe haikutoa hongo. Ilichimba visima na kujenga matangi kwa amri ya serikali.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa mageuzi. Treni moja yenye shehena ya tani mia moja ilibeba mizigo ya wapagazi elfu tatu, na safari ya miezi ikawa ya siku mbili tatu. Bagamoyo ikapoa. Bandari ya Unguja, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa mlango wa bara yote, ikaona pembe na ngozi zikishuka moja kwa moja Dar es Salaam. Kile ambacho Sultani alikuwa nacho kwa ajili ya matembezi ya jioni, sasa kilikuwa mikononi mwa wengine kama chombo cha kuihamisha biashara ya dola yake.

Mageuzi hayo hayakuiumiza pwani peke yake. Mpwapwa, iliyokuwa kituo mashuhuri cha misafara, ilipitwa. Reli ilipita Gulwe, kilomita kama ishirini kutoka hapo. Kilimatinde, ilipokuwa ngome ya Wajerumani katika Ugogo, nayo ikaachwa juu ya ukingo wa bonde huku treni ikipita chini. Dodoma, kilichokuwa kijiji, ikawa mji. Na Kondoa, iliyokuwa na misafara yake na soko lake, ikabaki kiasi cha kilomita 160 kaskazini ya reli. Kwa mtu wa Busi, gari la moshi lilikuwa kitu cha kuendewa. Aliyetaka kuuza ng'ombe, au kwenda kutafuta kazi katika mashamba ya mkonge, alitembea siku kadhaa hadi stesheni ya Dodoma.

Vita na Mtunya

Mwaka 1916 mtambo ulionyesha sura yake nyingine. Mwezi wa Aprili majeshi ya Jenerali van Deventer, yaliyotoka Afrika ya Kusini, yaliiteka Kondoa Irangi. Mvua za masika zikayafungia humo; farasi wakafa kwa wingi, na njia za chakula zikazama matopeni. Kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, akaitumia reli kuleta vikosi vyake kutoka mashariki hadi Dodoma, na kutoka hapo vikapanda kwa miguu kwenda Kondoa. Mwezi wa Mei mapigano makali yakatokea katika nchi ya Warangi. Mwishoni mwa Julai Waingereza waliingia Dodoma, na Wajerumani wakarudi nyuma wakibomoa madaraja na kuviharibu vichwa vya treni ili visitumiwe na adui.

Majeshi yote mawili yalikula kutoka katika ghala zilezile. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Waingereza walipokuja nao walichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, tangu 1917 hadi 1920, Wagogo waliiita Mtunya, na maelfu kwa maelfu ya watu walikufa. Miaka mingi kabla ya hapo wapigania reli walikuwa wamedai kwamba njia ya chuma ingekomesha njaa, kwa kuwa chakula cha mahali penye neema kingefikishwa upesi mahali penye dhiki. Hoja hiyo si ya uongo. Lakini reli haina macho ya kuchagua upande. Ikiwa amri ni kuchukua, itachukua upesi kuliko mpagazi yeyote. Na Ugogo ilichukuliwa kwa kasi ya gari la moshi, ikarudishiwa kwa kasi ya kobe.

Hili ndilo jambo ambalo msomaji wa visiwani anapaswa kulipima. Tumezoea kuihesabu hasara ya pwani kwa kutazama bandari iliyonyamaza. Huko nyanda za juu hasara ilihesabiwa kwa makaburi.

Bububu, na majina yaliyobaki

Unguja ilipata reli nyingine baada ya ile ya Barghash. Kampuni ya Arnold, Cheney ya New York ilijenga njia ya maili saba kutoka mjini hadi Bububu, nayo ilianza kazi katika mwongo wa kwanza wa karne ya ishirini. Mwaka 1911 serikali iliinunua, na kabla ya mwongo wa 1920 kwisha magari ya mpira yalikuwa yamekwisha kuinyang'anya abiria. Wengi hupenda kusema kwamba kijiji kilipata jina kwa mlio wa treni. Ni maneno matamu, lakini hayawezi kuwa kweli. Bibi Salme, dada yake Barghash, anaitaja Bububu katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, akieleza maisha aliyoishi huko miaka mingi kabla ya reli hiyo kufikiriwa.

Kinachostahili kukumbukwa zaidi ni kazi ya wenye reli. Arnold, Cheney walikuwa wafanya biashara wa pembe za ndovu, zilizopelekwa Marekani kutengenezewa vinanda. Yaani fedha iliyolaza reli ya Bububu ilitoka katika biashara ileile iliyompitisha mpagazi Marenga Mkali akiwa na koo kavu. Abiria aliyepanda pale Ngome Kongwe kwenda shamba, akisikia dohani ikipumua, alikuwa amekaa juu ya faida ya safari ya Ugogo, ajue asijue.

Maneno ya safari hizo tunayo. Salim bin Abakari alisafiri na Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896, na habari zake kwa Kiswahili zilichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika kitabu *Safari za Wasuaheli*. Kwa hiyo Mswahili alikuwa ameandika juu ya nchi za reli kabla reli haijafika Dodoma. Tangu hapo lugha imejaa: stesheni, behewa, taruma, kichwa, dohani. Lakini msamiati huo umeandikwa zaidi kwa upande wa anayesafiri, na kidogo sana kwa upande wa aliyechimba kisima, aliyekata kuni, au aliyetembea kutoka Busi kuifuata stesheni.

Vichwa vya mvuke viliendelea kuvuta katika Reli ya Kati hadi vya dizeli vilipovipokea kazi katika nusu ya pili ya karne iliyopita. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuwachukua abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Haina moshi wala haihitaji tangi la maji njiani, na huko Kondoa bado haijapita reli ya namna yoyote. Katika makumbusho ya reli ya Nairobi kimehifadhiwa kichwa namba 3020, kilichotengenezwa Glasgow mwaka 1955, katika zama ambazo wakubwa wa reli walivipa vichwa vyao majina ya makabila ya Afrika ya Mashariki. Hicho kinaitwa Nyaturu, kwa jina la jirani za Warangi na Wagogo, watu wa nchi ileile kavu. Jina limechongwa kwa herufi kubwa ubavuni. Visima vilivyokinywesha vichwa vya aina yake havina kibao, na waliovichimba hawana jina ubavuni mwa chochote. Malenga wetu wamewahi kuzisifu jahazi, nyota na pepo za kusi na kaskazi; mwenye kalamu akitafuta maudhui mapya, hayo yapo yakimngoja katika nchi ambayo jina lake yeye ni jina la maji.